Wageni wa Alhamisi

Kila asubuhi natema mate kwenye mashine ya jikoni, nayo inanisomea barua ambazo seli zangu zimeandikiana. Kwa kawaida ni ini kulalamikia chapati. Juzi ikasoma barua kutoka kwenye uvimbe wa utumbo, kwenda kwa mapafu: "Tunakuja Alhamisi. Tutandikieni."

"Wangapi?" akauliza mke wangu, Zamoyoni, mikeka tayari mkononi.

"Zamoyoni, hiyo ni saratani!"

Nesi alituletea dawa: vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, kama vile seli zinavyotumia kupelekeana barua, ila vitupu. Jibu la kuweka ndani lazima alitunge mtu wa nyumbani, maana mwili hauamini sauti ngeni.

"Wakatalie kabisa, mama," nesi akasema. "Kwa ukali."

Sasa hapo alimwambia nani? Shangazi yangu alikuja kwetu kwa wiki moja, na huu ni mwaka wa tisa. Zamoyoni akatunga, akafuta, akatunga tena. Nikachomwa sindano.

Alhamisi hakufika mtu. Tulipika pilau.

"Uliwaambiaje?" nikamuuliza.

"Kwamba mapafu yana ukarabati. Waje siku nyingine."

Nikaweka kijiko chini.

"Ningesemaje, baba? Watu wameshafunga mizigo!"

Leo asubuhi nimetema mate. Mashine ikasoma: "Hamna neno, mama. Tumefikia kwa ini, tunasubiri hapa hapa. Ukarabati ukiisha mtujulishe."

"Unaona?" akasema Zamoyoni. "Wana adabu."