Leseni ya Mama

Kwa heshima zote, natangaza kwamba wakubwa wa barabara wamekosa adabu. Mama ameendesha ambulensi miaka kumi na tisa, lakini siku hizi leseni hutolewa kwa alama za mchezo wa kompyuta, uliotokana na tamthilia ya zamani ya runinga ambamo shujaa huruka mto badala ya kupita darajani. Mama alifeli kwa kumsubiri bibi kizee avuke.

“Simiyu, huku ni kuendesha au ni sarakasi?” akaniuliza.

Tulipofunga shule nikamchezea mchezo huo kwa jina lake. Niliruka mito yote bila kugusa breki, Mama akatangazwa bingwa wa kaunti.

Leo wamemletea ambulensi ya mabingwa. Mguu wake unapapasa sakafu.

“Breki iko wapi?”

“Ya nini, mama?” afisa aliyeileta akacheka. “Mgonjwa anasubiri.”