Swichi Chini ya Kiti

Stata ya lori ilizunguka, ikazunguka tena. Injini haikuwaka.

"Limeanza lini?" aliuliza afisa aliyekuja Nyamahanga kukusanya magari ya kupeleka vitani. Ilikuwa Novemba 1978.

"Jana," Ansbert alijibu, mikono yake ikiwa juu ya usukani. "Nimetoka kupakia pamba, likazima njiani."

Askari mmoja aliyejua magari kidogo alifungua boneti. Alivutavuta nyaya, akatikisa kichwa. Hakujua kwamba kisigino cha Ansbert kilikuwa kimegusa swichi ndogo iliyofichwa chini ya kiti. Ikishazimwa, hata dereva bingwa angezungusha stata mpaka betri iishe.

Swichi ile Ansbert aliwekewa mwaka uliotangulia, baada ya lori moja kuibwa Kasulo na kuvushwa mpaka. Aliyeifunga ni fundi Idefonsi, Mrundi aliyelowea Biharamulo.

"Hii ni ya wezi tu, bwana," fundi alimwambia siku hiyo.

"Ya nani tena kama si wezi?" Ansbert alijibu akicheka.

Nyamahanga yote ilikuwa na malori mawili. La pili lilikuwa la jirani yake, Philbert, mtu ambaye waliendesha naye wakifuatana miaka saba, huyu akikwama yule anamvuta. Afisa alihamia kwake. Lori la Philbert nalo lilisumbua mara mbili. Philbert akageuka, akalitazama lori la Ansbert. Kisha akawatazama wale askari vijana waliokuwa wameketi juu ya magunia ya unga kando ya barabara, wengine hata ndevu hawajaota. Akapanda tena, akainama kama anayefunga kamba za viatu. Lori likanguruma.

"Pakieni!" afisa akaagiza. "Na dereva twende naye."

Philbert alipunga mkono dirishani. Ansbert alishindwa kuunyanyua wake.

Mwezi Machi habari ikaja. Lori la Philbert lilikanyaga bomu ng'ambo ya Mto Kagera.

Ansbert alianza kupeleka ndizi na maharage kwa mjane, Eustakia. Alimwezekea nyumba upya. Alimsombea mahindi bila kutaka chochote. Watu wakamsifu kanisani, na kila walipomsifu aliinamisha kichwa. Wenzake walipotoka kwenda altareni kukomunika, yeye alibaki amepiga magoti kwenye benchi. Lori lake lilikuwa limewaka jioni ileile askari walipoondoka, na tangu hapo kila alipolisikia likinguruma alimwona Philbert dirishani.

Alivumilia hivyo karibu mwaka mzima. Siku moja mchana akashindwa. Alimkuta Eustakia uani, akipukuchua mahindi.

"Shemeji, nimekuja kusema neno," alianza. "Ukitaka kunifukuza baadaye, nifukuze."

"Keti kwanza, Baba Zita."

Hakuketi. Alisimama akiikunja kofia yake mkononi, akasema yote kwa haraka, kama mtu anayetapika: swichi, uongo, kisigino.

"Siku ile lori langu lilikuwa zima. Zamu ilikuwa yangu, shemeji. Mimi ndiye niliyemuua Philbert."

Kuku walikuja kudonoa punje miguuni pake. Eustakia hakuwafukuza. Alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akaliweka chini.

"Lako lilikuwa zima, najua," alisema. "Na letu fundi Idefonsi alilifungia swichi kama hiyo. Asubuhi ile tuliizima pamoja, mimi na mume wangu. Alipoona lako nalo limegoma, akaiwasha."