Waya wa Chini

"Puma wako huyu, eti simba wa milimani, ni paka tu, Verlene," nilimwambia jirani, nikimrudishia simu yenye picha ya kamera aliyoitega karibu na uzio wetu kuvizia kulungu. "Mgongo wake haufiki hata waya wa chini wa uzio wetu."

"Haya, msomi! Akikutafuna usiniite," alicheka.

Nikamtuma binti yangu akawalishe kondoo.

Kisha nikautazama uzio kupitia dirisha. Una nyaya nne. Nikamnyang'anya Verlene simu. Pichani zilikuwa tatu. Nikahesabu tena: tatu.

Picha ilikuwa ya Jumapili, kabla theluji haijayeyuka. Waya wa chini ulikuwa umefukiwa, na miguu ya yule mnyama pia.

Nilifungua dirisha nimwite mtoto, lakini sikujua nimwambie akimbie au asimame asitikisike.