Harufu ya Kwanza

Felista alifunua sufuria ya wali, mvuke ukampiga usoni, akaganda na mfuniko mkononi. Mafuta ya taa!

Tangu apasuliwe pua kwa ajili ya sainasi iliyomnyima harufu miaka mingi, hii ndiyo harufu ya kwanza kumrudia. Akageuka. Gunia la mchele lilikuwa palepale pa siku zote, limeegemea dumu la mafuta ya taa ya jiko.

Barazani, wanajumuiya wa kanisa la Bigwa walikuwa wamemaliza sala, wananawa mikono. Kila ilipofika zamu ya nyumba yake, walikula wali wake, wakausifu, wakaomba kuongezewa.

Mama mkwe wake akaingia na sahani.

“Mama,” Felista alinong’ona, macho chini, “wali unanuka mafuta ya taa.”

“Pakua tu, mwanangu. Tumeshauzoea.”