Mzee Aliyeongea na Dari

Mzee Luhaga alikuwa akiongea na dari tangu asubuhi, na muuguzi Lightness alielewa kila neno.

"Sista, anasemaje huyo?" aliuliza Thadeo, muuguzi mwenzake, kutoka mlangoni.

"Nitajuaje? Kisukuma hicho. Mimi mtu wa Moshi."

Uongo huo alikuwa ameusema kwa miezi sita, tangu ahamie kituo hiki cha afya hapa Mikumi, na mdomo ulikuwa umeshauzoea. Moshi yenyewe aliwahi kuipita kwa basi tu. Kwao ni Magu, na huko hakuna aliyemwita Lightness. Hilo lilikuwa jina la ubatizo, la kwenye vyeti. Nyumbani aliitwa Dotto, kwa kuwa alizaliwa pacha wa pili.

Hata Kilosa, kituo chake cha kwanza, walimjua kwa jina la Dotto. Korona ilipopamba moto, ndugu hawakuruhusiwa kuingia wodini, na wazee wengi wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa hawakujua Kiswahili. Basi Dotto akawa mdomo wao. Alitoa maneno kitandani akayapeleka dirishani, akarudi na majibu. Mwanzoni alijisikia fahari, jamani. Walimletea maziwa mgando na kumwita mwanetu. Kisha kazi ikawa kupeleka misiba. Siku alipoiambia familia ya kumi na moja kwamba mgonjwa wao amefariki, alirudi chumbani kwake akasonga ugali, akala akashiba, wala moyoni hakusikia chochote. Hapo ndipo alipojiogopa. Akaomba uhamisho.

Mikumi mambo yakawa mepesi. Wagonjwa wa Kisukuma walikuja na karatasi zilizoandikwa Kiswahili: maji, choo, kifua, maumivu. Walionyesha kwa kidole, naye akawahudumia kimya kimya. Alishukuru kwamba watu siku hizi wamejiongeza. Hata Mzee Luhaga, aliyeugua akiwa amekuja kutoka Chanzuru, upande wa Kilosa, kumtembelea binti yake, alikuwa na karatasi yake chini ya mto.

Lakini leo hakuigusa. Aliiambia dari kwamba jioni hafiki. Akaiambia kwamba mwanawe Petro, ambaye yeye mwenyewe alimfukuza nyumbani miaka minne iliyopita kwa hasira, arudi. Amemsamehe. Akavuta hewa ya mtungi, akapumzika, akaanza upya. Petro arudi nyumbani.

Binti yake alikuwa amesafiri kwenda kuwaita ndugu, asingerudi kabla ya kesho, na kituo kizima hakukuwa na mwingine wa kuyaelewa maneno hayo. Akinyamaza yeye, yanazikwa na mzee, na Petro ataishi akijua baba yake alikufa na kinyongo naye.

Lightness alipima joto alilokuwa ameshalipima. Akatoka hadi barazani, akasimama akitazama malori ya Iringa, akajiambia kwamba Thadeo atatafuta mtu. Mtu gani? Aibu ikamshika, akashindwa hata kumtazama mfagizi aliyempa shikamoo. Je, huyu angekuwa baba yake, kalala ugenini, na binti wa kwao akajifanya hamsikii?

Alirudi ndani, akavuta stuli, akamshika mzee mkono. Barakoa ilikuwa imeshalowa machozi kabla hajafungua mdomo.

"Mwangaluka, baba," alimsalimia, kisha akaendelea kwa Kisukuma. "Nimesikia yote. Petro nitamtafuta, nimwambie mwenyewe. Nisamehe, nilikuwa nakudanganya."

Mzee hakushtuka. Aligeuza kichwa taratibu, akamtazama.

"Mwangaluka, Dotto," alijibu. "Wasukuma wote wa huku tulikubaliana kwamba umechoka, kila mtu aje na karatasi yake, asikusumbue. Ndiyo maana nilikuwa naiambia dari."