Mbwa wa Rimoti

Pii! Bruno akashtuka, Chome akavuta kamba, na wote wawili wakarudi mbio hadi miguuni pa meneja. Pii-pii! Chome akachutama, akamkandamiza mbwa kiunoni mpaka akakaa.

"Safi," akasema Meneja Maxwell, akamrushia Bruno kipande cha soseji. "Tena, mzee. Na usilale."

Rimoti ilikuwa mkononi mwa meneja, kamba mkononi mwa Chome, na shingoni mwa mbwa mkanda mweusi ambao mwenye hoteli aliuleta kwa ndege kutoka kwao Ulaya. Rimoti ikilia, mkanda humfinya mbwa, naye Chome huvuta kamba papo hapo ili mnyama aelewe anatakiwa nini. Mlio mmoja, rudi. Miwili, kaa. Elimu yenyewe ndiyo hiyo! Kwao Kinango mbwa mwenye chawa hulinda mbuzi kutwa kwa mluzi mtupu, na soseji haijui.

"Akishashika, kamba tunatoa," Maxwell alikuwa amemwambia siku ya kwanza, bila haya. "Tukitoa kamba, na wewe unaenda nyumbani. Wageni wako wapi? Wewe unaona wageni hapa?"

Chome aliona. Diani nzima ilikuwa kavu tangu zile vurugu za Likoni zilizowafukuza watalii, na kibarua kingine hakipo. Aliona na mengine. Marehemu mkewe alipozidiwa, Maxwell huyuhuyu alimnyima ruhusa ya siku moja. Bruno alipokohoa, daktari aliletwa kutoka Mombasa kwa teksi. Wakubwa wenyewe ndio hao: tumbo limetangulia, akili bado iko njiani.

Mwanapili wa dobi alipita na shuka zake, akazunguka mbali na Chome na mbwa wake.

"Usinisogezee huyo, Baba Kahaso, nina udhu wangu! Haya, na akihitimu, wewe waenda wapi?"

"Huyu ahitimu?" Chome akacheka. "Mjinga kama bwana wake. Siku zote hizi hajui hata mlio mmoja. Ni mimi ninayemburuta, na huyo bwege pale adhani ni rimoti yake."

"Basi omba Mungu abaki hivyo hivyo."

Chome aliomba kweli. Jumapili kanisani wenzake waliomba mvua. Yeye aliombea ujinga wa mbwa.

Siku ya mtihani mwenye hoteli alikaa barazani na bia yake, shati wazi, kitovu nje. Maxwell alisimama kando yake kama bwana harusi, rimoti kifuani. Chome akaamriwa ampeleke mbwa hadi mwisho wa bustani, amfungue, asimguse tena.

Akamfungua. Kibarua chake chote kilikuwa kimesimama pale kwa miguu minne. Wakati huohuo tumbili akakatiza majani, mkate wa jikoni mkononi, na Bruno akamwona.

Pii!

Bruno hakugeuza hata sikio. Aliupasua ua wa michongoma, akatokomea kwa jirani, mkanda wa Ulaya shingoni. Alhamdulillahi, Mwanapili akasikika kutoka kwenye kamba za nguo. Chome naye akamshukuru Mungu wake kwa moyo wote. Haya sasa, Meneja! Iko wapi elimu yako?

Mwenye hoteli alikuwa ameshusha glasi, wala hakuwa akiutazama ua. Chome akataka kuinamisha uso asionekane anacheka, akaona amekwisha fika barazani, mbele yake viatu vya meneja vinavyong'aa, na kifua chake mwenyewe kinapanda na kushuka kwa kuhema.

"Huyu usimfukuze," mwenye hoteli akasema taratibu.

Maxwell akaitazama rimoti, akamtazama mzee, akabonyeza mara mbili.

Chome akachutama.