Maua ya Nyuma ya Nyumba

Saa moja asubuhi, Ijumaa, maua yote ya petunia katika bustani ya mbele ya nyumba yalikuwa yamelala chini. Madam Lamees aliagiza yapandwe wiki iliyotangulia, baada ya siku mbili za upepo wa ubaridi, akaamini majira yamegeuka. Joto likarudi.

Mama mkwe wake, Bi Rukiya, alikuwa njiani kutoka Muscat. Mwaka jana aliitazama bustani hiyo akasema, "Mchanga mzuri." Lamees hakuisahau kauli hiyo.

"Ng'oa kila kitu, Hesbon, mbele na nyuma," alisema. "Tunapanda upya kwa ajili ya baridi. Yalla, haraka."

Hesbon, mtunza bustani, alianzia nyuma, kando ya tangi la maji. Hapo zilikuwa ndoo kuukuu za rangi, na ndani yake mchicha mwekundu wa Dorah, mpishi wa nyumba.

"Huo uache, kaka," Dorah alisema. "Mbegu nilitoka nazo Kilosa, na sina nyingine. Hata jani sijachuma. Nangoja uzae."

"Madam amesema kila kitu, na visa yangu inaisha Januari, wa kuiongeza ni yeye. Mwambie mwenyewe."

Lamees alikuwa amekwisha kufika. "Nini hiki?"

"Maua, madam," Dorah alijibu. "Ya kwetu. Hayaogopi jua."

Lamees aliyatazama majani mekundu, kisha akageuka kuangalia upande wa petunia.

"Yapelekwe mbele. Yote."

Hesbon alizifukia ndoo mpaka ukingoni, akatandaza changarawe juu. Dorah alimwagilia.

"Maua," Hesbon alisema. "Kwa hiyo ugali nao ni keki."

"Wewe chimba. Mbegu yangu imepona."

Kabla ya adhuhuri gari la Bi Rukiya liliingia. Alikuwa mzee wa maneno machache. Katika ziara zake alizoea kukaa barazani, akicheka peke yake kila Hesbon na Dorah walipotaniana kwa Kiswahili. Lamees alikihesabu kicheko hicho kuwa uzee.

Safari hii alisimama mbele ya maua muda mrefu. Lamees alingoja kando yake. Dorah naye alingoja, sinia tupu la kahawa mkononi.

"Mazuri," Bi Rukiya alimwambia mkwewe kwa Kiarabu.

Lamees alishusha pumzi.

Bi Rukiya akakunja mikono ya abaya, akainama, akang'oa shina la kwanza pamoja na mizizi yake. Akalikung'uta udongo, akaliweka juu ya sinia la Dorah.

"Tui zito ulitie mwisho, mwanangu," alisema kwa Kiswahili cha Unguja, akalishika shina la pili.